Mwanamke Aliyekataa Kufunga Watu Mikono: Kumuaga Muuguzi Mkuu Chansouk Vilayphone

Tarehe thelathini ya mwezi huu wa Septemba, Muuguzi Mkuu Chansouk Vilayphone anatimiza miaka thelathini na mitatu ya kazi katika hospitali yetu ya mkoa, na siku hiyo hiyo anavua sare. Sherehe itafanyika ukumbini baada ya chakula cha mchana. Mwenyewe ameomba hotuba ziwe fupi, tena ametaja kwa majina watu wasiopaswa kukaribia kipaza sauti. Jina langu mimi, Soulivanh wa wodi ya wanaume, lilikuwa la kwanza. Ndiyo maana ninaandika.

Alizaliwa kijiji cha wafumaji, juu kidogo ya mto, kwa mama aliyetaka binti yake akae kwenye kitanda cha mfumi, afume vitambaa. Binti akachagua vitanda vya wagonjwa. Alipotoka chuo cha uuguzi alipangiwa wodi ya wazazi, lakini hakumaliza hata msimu mmoja wa mvua, kwa sababu, kama wakunga wa wakati ule wanavyosimulia, alikuwa akipiga kelele kuliko wanaojifungua. Akahamishiwa upasuaji, kisha akaletwa kwetu wodi ya wanaume, na hapo akaota mizizi. Wanaume wazima waliokuja hospitali wakijifanya mashujaa walinyoosha mkono wenyewe kuchomwa sindano mara tu wakisikia kandambili zake zikija.

Mfupi, mnene kiasi, sauti yake inafika getini. Ni bingwa wa petanki, ule mchezo wetu hapa Laos wa kurusha tufe za chuma uani jioni, na ni mwizi wa petanki vilevile. Timu ya maabara hadi leo inadai kwamba kiatu chake cha kulia kimewahi kusogeza tufe zaidi ya mkono wake. Saladi yake ya papai mbichi ina pilipili ya kumtoa mtu machozi ya kweli, na akikualika kula, usimjibu kwamba umeshiba, maana atakuuliza umeshiba nini na kwa nani.

Lakini hospitali nzima inamjua kwa jambo moja, nalo ni mirija. Sisi wengine tulifundishwa namna ya kuingiza mrija, na tulijisifu ukiingia mara ya kwanza. Dada Chansouk alijali kama kesho utakuwa bado umo. Dripu ikichomoka, dawa inakwenda kwenye godoro, na mgonjwa anachomwa upya mahali ambapo mishipa imeshachoka. Mpira wa mkojo ukivutwa na huku kiputo chake kimejaa maji ndani ya kibofu, hapo ni damu na ukelele ambao mtu hausahau. Miaka ile ya mwanzo kazi yetu ilikuwa bandika bandua, na sote tuliona ni mambo ya kawaida. Yeye hakuona hivyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, alikuwa akisema, halafu anakuonyesha ufa wenyewe kwa kidole, na mara nyingi ufa huo ulikuwa wewe.

Kwa mfano, chandarua. Kwa muda mrefu tulishangaa kwa nini dripu zetu zinachomoka asubuhi, saa ambayo wagonjwa wengi wametulia kabisa. Tulilaumu plasta. Tuliandika kuomba plasta bora, na plasta bora zikaja, na dripu zikaendelea kuchomoka. Dada Chansouk akaja kazini kabla ya zamu yake, akaketi kwenye mkeka katikati ya ndugu wa wagonjwa, akala nao wali wa kunata kutoka kikapuni, akatazama. Jua lilipochomoza, kila mke, kila mtoto, kila mpwa aliyelala chini ya kitanda aliamka, akachomoa pindo la chandarua lililokuwa limechomekwa chini ya godoro, akalitupa juu kwa nguvu kama tunavyofanya nyumbani. Na mrija, ambao jioni walikuwa wameuchomeka pamoja na pindo, ukaruka nalo.

Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akawa mbogo, kisha akatuita sote. Tangu siku ile, ndugu wa mgonjwa hafungi chandarua kabla ya kuonyeshwa mrija unapita upande wa kichwani, na kabla ya kuacha kitanzi kidogo cha akiba kilichobandikwa ngozini, ili kitu kikivuta, kivute kitanzi kwanza. Kina mama wa wodini walilishika somo hilo upesi kuliko sisi. Nilimsikia mmoja akimfokea mumewe, "We mzee, ukigeuka geuka na kitanzi chako! Dada Chansouk akija hapa mimi simo!"

Siku nyingine alijibandikia mpira wa mkojo pajani, juu ya ngozi tu, akaunganisha na mfuko aliojaza chai, akatembea nao kutwa. Alitaka kujua unanasa wapi. Ulinasa kwenye kitasa cha mlango wa chumba cha dawa, ukanasa kwenye pembe ya kitanda, na alipokwenda kantini kunywa supu ya tambi, mzee mmoja akamwonea huruma akampisha kiti, akamwambia, "Pole mwanangu, na bado unafanyishwa kazi?" Baada ya hapo tulipewa amri mpya ya mahali pa kuubandika mpira kwenye paja, na mahali pa kuning'iniza mfuko mgonjwa anapoketishwa. Amri zake nyingi zilizaliwa kwa namna hiyo, kwa kujaribu, na ndiyo maana ubishi wetu haukuwahi kufika mbali.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalijua nusu nusu.

Zamani, mgonjwa akichanganyikiwa na kuanza kuvuta mirija, tulimfunga mikono kwenye vyuma vya kitanda kwa bandeji. Karibu kila mahali walifanya hivyo. Dada Chansouk alilichukia jambo hilo kupita kiasi, akalipiga vita kwenye kila kikao, na katika kila kikao aliulizwa swali lile lile, kwamba usipomfunga utafanyaje? Alikuwa na hasira tu, na hasira haishikilii mrija.

Alikuwa na amri nyingine pia, aliyoitunga mwenyewe, kwamba nyuzi zote mkononi mwa mgonjwa zikatwe mlangoni. Hapakuwa na ubaya moyoni mwake. Watu wetu huja hospitali wakiwa wameshafungwa nyuzi nyeupe kijijini, kila ndugu amefunga wake, ili roho za mgonjwa, maana kwetu mtu ana nyingi, zisitangetange nje ya mwili. Nyuzi zile hulowa, huchafuka, na siku moja chini ya rundo la nyuzi hizo tulikuta kidonda chenye usaha pale dripu ilipoingia. Dada Chansouk akaleta mkasi, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Ndipo, katika joto la kuelekea mwaka wetu mpya wa Aprili, akaletwa Mzee Thongdam.

Alikuwa mhunzi wa visu na majembe, mikono yake minene, vidole vimekakamaa kwa nyundo. Figo zake zilikuwa zimekufa. Damu yake ilipaswa kupitishwa kwenye mashine ya kuisafisha, na kwa kazi hiyo alikuwa na mrija mnene ulioingia shingoni, upande wa kulia. Mishipa mingine mikubwa ilikuwa imeshajaribiwa huko alikotoka, ikaziba. Daktari wetu Sisavath alimfanyia upasuaji mdogo mkono wa kushoto, kuunganisha mishipa miwili ili mmoja ukue uwe imara, mashine iweze kutumia mkono badala ya shingo. Lakini mshipa wa namna hiyo hauivi kwa siku moja. Mpaka uive, uhai wa mzee ulikuwa kwenye mrija wa shingoni.

Daktari Sisavath hakumficha bintiye, Latsamy, aliyeacha duka lake la vitambaa akahamia chini ya kitanda cha baba. Alimwambia mbele yetu, "Dada Latsamy, nikwambie kweli tupu. Huu ndio mlango uliobaki. Ukichomoka, sina pengine pa kuingilia, na mkono bado."

Mchana mzee alikuwa mtu wa maneno na vichekesho. Jua likianza kushuka, sumu ya damu ilimpanda kichwani, akawa hajui yuko wapi, na mkono wa kushoto ukaanza safari ya shingoni. Jioni ya kwanza Latsamy aliudaka vidole vikiwa vimeshainua pembe ya plasta.

"Mfungeni," akamwambia Dada Chansouk. "Nawaombeni. Lawama nitabeba mimi."

"Hapa kwangu sifungi mtu."

"Akichomoa akafa, utamzika wewe?"

Hakuna aliyewahi kumsemesha Dada Chansouk hivyo. Alimbandika mzee upya, akaupitisha mrija kwa kitanzi mpaka kifuani, akamvalisha shati kinyume, vifungo mgongoni. Kisha zamu yake ikaisha, akaenda nyumbani.

Waliobaki zamu walimfunga. Latsamy aliomba tena, akalia, na wale nao walikuwa wanaogopa, kwa hiyo nisiwalaumu sana. Asubuhi Dada Chansouk alimkuta mzee akiwa na akili zake zote, viwiko juu, mikono imefungwa bandeji huku na huku. Mzee akamtazama akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Binti, nimeiba kuku wa nani?"

Ngozi ya vifundo vya mikono ilikuwa imechubuka kwa kujinyonganyonga. Na shingoni, kati ya nyuzi za kushonea zinazoushikilia mrija, mmoja ulikuwa umekatika, kwa sababu mtu aliyefungwa mikono hupigana kwa mwili mzima. Yaani tulikuwa karibu kuupoteza mrija kwa ajili ya kule kumfunga kwenyewe. Dada Chansouk alimfungua kwa mikono yake. Alichotuambia siku hiyo hakiandikiki kwenye jarida la hospitali.

Jioni hakwenda nyumbani. Hakwenda hata petanki, na ilikuwa fainali. Alivuta kiti akakaa karibu na mzee, akamwacha mkono huru, yeye akiwa tayari, akatazama tu, kama alivyotazama vyandarua. Na akaona kitu ambacho sote tulikuwa tumekitazama bila kukiona. Mkono haukwenda shingoni moja kwa moja. Vidole vilianza kwenye kifundo cha mkono wa kulia, vikapapasa pale panapovaliwa saa, vikazunguka, vikakosa. Vikapanda mkono, vikapapasa kiwiko, bega, kola ya shati, vikitafuta. Shingoni vikakuta kitu kilichofungwa, vikaanza kukifungua.

Kesho yake asubuhi, mzee akiwa mzima wa akili, alimuuliza, "Baba, jioni huwa unatafuta nini?"

"Nyuzi zangu. Nilifungwa nyumbani kabla ya kuja. Nikafika mlangoni hapa, mtu akazikata, khach, khach, kama anachinja njiwa. Sasa roho zangu ziko nje huko, zinazurura kwenye pikipiki zenu."

Ningekuwa mimi ningekohoa nikabadilisha mazungumzo. Dada Chansouk akasema, "Mtu huyo ni mimi, baba."

Mzee akamwonyesha mkono mtupu. "Basi wewe ndiye wa kuziita."

Hapo ndipo hospitali yetu ilipoingia kwenye wiki ambayo haijapata nyingine mfano wake. Dada Chansouk alimfuata Daktari Sisavath akamwambia anataka kufanya sherehe ya kuita roho wodini. Daktari hakucheka, maana alishajifunza. Alitaka mambo mawili, nyuzi ziwe safi kabisa, na mkono wa kushoto usiguswe hata na uzi mmoja, kwa sababu mshipa unaokua ukibanwa unakufa.

La nyuzi lilikuwa jepesi. Alizipeleka kwenye mashine ya mvuke inayotakasa vyombo vya upasuaji. Mkuu wa chumba kile aligoma. "Dada, hapa napika mikasi. Unaniletea uzi wa kufungia roho?" Lakini uzi ukapikwa. Ndugu wa mzee wakaingiwa na wasiwasi kwamba mvuke utaosha baraka. Aliulizwa Mzee Phoumy, mwita roho wa mtaa wetu, naye akajibu, "Pamba inafuliwa, inachemshwa, inaanikwa juani. Roho za watu wa Laos ziogope joto? Zingehama zamani."

La mkono wa kushoto lilikuwa gumu. Roho hufungwa mikono yote miwili, huwezi kumfunga mtu nusu. Daktari Sisavath, aliyekaa masomoni nje miaka mingi mpaka tunamtania kwamba adabu aliiacha uwanja wa ndege, akasema, "Si mfunge mguuni?"

Mzee Phoumy alishika kichwa. "Mguuni! Roho za mtu uziweke chini zikanyagwe? Daktari, mama yako yupo? Nataka kuzungumza naye."

Kisha akageuka akamtazama Latsamy, aliyekuwa kasimama ukutani na uso wa mtu aliyesikia mengi na kuamini machache. "Njoo hapa, binti. Wewe ndiye wa kushoto. Nyuzi za mkono ule utazivaa wewe kwa niaba ya baba yako, na usizikate mpaka yeye aziruhusu."

Latsamy alisema, "Mimi niliomba afungwe bandeji."

"Ndiyo," akasema Mzee Phoumy. "Kwa hiyo unajua kufunga. Njoo."

Sherehe ilikuwa Jumamosi asubuhi. Pale kitandani paliwekwa sinia la majani ya migomba yaliyosokotwa, maua ya manjano, mayai ya kuchemsha, ndizi na wali wa kunata. Dada Chansouk alikataza mshumaa kwa sababu ya mitungi ya oksijeni, na akakataza pombe ya mchele kwa sababu ya Khamtanh, shemeji yake Mzee Thongdam, ambaye sifa zake zilikuwa zimemtangulia. Pombe haikuletwa. Khamtanh alikuwa ameibeba tumboni.

Aliwapanga waingie kwa upande wa kulia, mmoja mmoja. Lakini mnajua tunavyofanya. Asiyefikia mkono wa mgonjwa humshika kiwiko aliye mbele yake, naye wa nyuma humshika yule, ili baraka ipite kwa wote. Kwa kufumba na kufumbua wodi ilikuwa mnyororo mmoja wa watu, kuanzia kitandani mpaka korido, na hata wagonjwa wa jirani walikuwa wamenyoosha mkono. Dada Chansouk alisimama kichwani pa kitanda, vidole viwili juu ya mrija pale unapotoka shingoni, akiubana taratibu kwenye mfupa wa bega. Mzee Phoumy akaziita roho kwa majina, zirudi kutoka msituni, kutoka mtoni, kutoka kwenye pikipiki.

Zamu ya Khamtanh ilifika. Aliinama kufunga uzi wake, akakanyaga kikapu cha wali kilichokuwa chini ya kitanda, mguu ukateleza, akaanguka. Hakuuachia mkono wa mzee. Na waliomshika kiwiko hawakumwachia yeye. Mnyororo wote ukaenda upande mmoja, na Mzee Thongdam akavutwa kutoka kwenye mto wake kuelekea sakafuni.

Plasta ya shingoni ilibanduka yote. Niliiona ikibanduka.

Dada Chansouk hakujaribu kumrudisha mzee. Angemvuta huku, na wao kule, mrija ungetoka. Alikwenda naye. Alipanda kitanda kwa magoti, mzima mzima, sinia likapinduka, mayai yakabiringika, na vidole vyake viwili vikabaki pale pale shingoni, vimeshuka pamoja na shingo, vimetulia pamoja nayo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ambayo kwa miaka yote hatukuwahi kujua kwamba anayo, "Mtu yeyote asisogee."

Hakuna aliyesogea. Watu walibaki wameshikana viwiko, wengine wameinama, wengine mguu mmoja hewani. Daktari Sisavath akapita kati yao, akainama, akaangalia alama ya mrija, akasikiliza, akavuta damu kidogo kwa sindano akairudisha. Latsamy alikuwa amefumba macho. Nasi tulijua sote kwamba neno moja la daktari lingekuwa ama mwaka mpya ama msiba.

"Umo," akasema. "Haujasogea."

Kutoka sakafuni, chini ya kitanda, Khamtanh akauliza, "Na fundo langu je, limekaza?"

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka maabara. Mzee Thongdam mwenyewe alicheka, na hapo hapo akamnyooshea Mzee Phoumy mkono ili kazi iendelee. Latsamy alifungwa nyuzi za kushoto.

Jioni ile jua lilishuka kama kawaida, na akili ya mzee ikaenda zake kama kawaida. Mkono ukaanza safari. Vidole vikapapasa kifundo cha mkono wa kulia, vikakuta uzi. Vikakuta fundo, na fundo jingine, na jingine, vikaanza kuyahesabu na kuyasugua kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. Havikupanda tena. Mzee alisinzia akiwa ameshika nyuzi zake, na Latsamy amekaa kando ameshika zake.

Nisiwadanganye kwamba uzi ulitibu kila kitu. Kulikuwa na jioni mbaya, na kulikuwa na kitanzi cha akiba, shati la kinyume, na ndugu waliofundishwa kukaa zamu upande ule wa mkono. Vyote vilifanya kazi pamoja. Lakini hakufungwa tena bandeji, na mrija ulikaa. Mwaka mpya ukapita, tukamwagiana maji kama desturi, mzee akanyunyiziwa matone machache ya manukato miguuni. Mvua zikaanza. Siku moja Daktari Sisavath aliweka kidole kwenye mkono wa kushoto wa mzee, akaita kila mtu aje aguse, maana mshipa ulikuwa unavuma chini ya ngozi kama nyuki ndani ya mzinga. Ulikuwa umeiva.

Mashine ikaanza kutumia mkono, na ulipokwisha kuaminika, daktari akautoa mrija wa shingoni yeye mwenyewe, taratibu, kwa siku aliyoichagua. Mzee aliomba auone. Akaushika kwa vidole vyake vya uhunzi, akaugeuza geuza. "Kumbe kidude chenyewe ndicho hiki? Mmenisumbua miezi yote kwa ajili ya waya wa baiskeli?"

Latsamy, ambaye hakulia siku ya Khamtanh, alilia siku hiyo mpaka akakaa chini. Aliweka kichwa kwenye mapaja ya Dada Chansouk akasema, "Nilikuambia utamzika wewe. Nisamehe, dada yangu." Dada Chansouk akamwambia anyamaze, analowesha sare ya serikali, naye mwenyewe alikuwa ameshailowesha.

Mzee Thongdam aliishi miaka mingine. Alirudi kiwandani kwake, akafundisha wajukuu kunoa, akafa nyumbani kwa uzee, mikono yake juu ya kifua. Khamtanh bado yupo na bado anadai kwamba ni fundo lake lililofanya kazi. Wodini kwetu bandeji za kufungia watu hazijatumika tena, na leo kwenye chumba cha mvuke kuna chupa ya nyuzi nyeupe karibu na mikasi, mkuu wa chumba haulizwi wala haulizi. Hospitali za mikoa ya jirani huleta wauguzi wao kujifunza kwa Dada Chansouk jinsi ya kubandika, kuacha kitanzi, na kumtazama mgonjwa kabla ya kumlaumu. Wanaondoka na ujuzi na masikio yanayouma.

Wiki hizi za mwisho tumemwona akipita kitanda hadi kitanda baada ya zamu, akigusa kila mrija kwa kidole. Anadhani hatumwoni. Tunajua anachowaza, kwa sababu kila mtu aliyekesha na mgonjwa anakijua. Anaogopa kwamba akiondoka, kitu kitateleza.

Dada Chansouk, asante kwa kutufokea, kwa kutulisha pilipili, na kwa kukiri kosa mbele ya mgonjwa wakati sisi tulikuwa tunatazama dari. Asante kwa niaba ya watu ambao hawatakuja ukumbini kwa sababu wako mashambani mwao wazima, na wala hawajui kwamba kuna kitu kilikaribia kuwachomoka. Tunakuombea afya njema, magoti yasiyouma, wajukuu wanaokula, na wapinzani wa petanki wenye macho mabovu.

Umeshika muda mrefu. Sasa achia, dada. Tumeshika sisi.